Landrover juu ya mawe: mwongozo kamili wa kutambua na kuokoa bodi ya gari la zamani lililotelekezwa

Adui mkubwa wa gari la zamani hapa kwetu ni mizani ya skrepa. Kutu inafuata kwa mbali. Land Rover inaweza kukaa miaka thelathini nyuma ya karakana ya misheni, ikavumilia mvua, jua na mbuzi wanaolala chini yake, halafu asubuhi moja ikakatwa vipande kwa sababu tu bei ya alumini imepanda. Bodi yake karibu yote ni alumini, na alumini inalipa kuliko chuma. Kutoka kwenye mizani inaingia tanurini, na tanurini inatoka sufuria. Huenda ugali wako wa jana umesongwa ndani ya boneti ya Land Rover ndefu.

Mwongozo huu unaanzia pale unapoliona gari limetelekezwa hadi linapokaa salama chini ya paa. Nitakaa zaidi kwenye Land Rover za zamani, zile za kabla ya Difenda, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zinazookoleka. Peugeot na Volkswagen nitazigusa baadaye. Jambo moja ulishike tangu sasa: kazi hii inaanza na namba na mwenye gari, inafuata chuma kilichojificha, na bati unaloliona kwa nje ndilo la mwisho. Wengi wanaanzia kwenye bati, na ndiyo maana mabanda yamejaa milango isiyo na gari.

Pa kutafuta

Magari haya yako kwa watu waliokuwa na uwezo wa kuyanunua enzi hizo: mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Kilosa, mashamba ya chai ya Mufindi, misheni zenye karakana zake, hospitali za zamani, vyuo vya ufundi, karakana za halmashauri, kambi za uwindaji. Mikoa mikavu inayatunza vizuri zaidi. Land Rover iliyoachwa Dodoma, Singida au kule Turkana inaweza kuwa na chasisi nzima, ilhali ya umri uleule iliyoachwa Pangani au Kilifi chumvi imeshaimaliza.

Ila ukavu peke yake usikudanganye. Tazama gari limesimama juu ya nini. Lililopandishwa juu ya mawe au magogo mara nyingi limepona. Lililolaza tumbo kwenye udongo limeliwa kutoka chini, hata kama rangi ya juu bado inapendeza.

Mwenyewe kwanza

Gari kutelekezwa hakumaanishi halina mwenyewe. Usifungue hata mlango kabla hujasalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Asante. Nimeliona hilo gari pale nyuma, nikasema nije nisalimie kwanza."

"Hilo? Hilo la marehemu kaka yangu. Watoto wake wako Dar."

Kwa maneno hayo machache umeshajua kwamba mzee unayeongea naye siye muuzaji, hata kama yuko tayari kupokea hela leo. Gari la marehemu ni mali ya mirathi. Anayeweza kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi uione kwa macho yako. Familia ikiwa haijafungua mirathi, wasaidie waanze. Kwa familia nyingi kazi hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Ukipuuza hatua hii, siku gari likishapakwa rangi na kuanza kutembea, atatokea mtoto wa tatu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Gari lenye namba zinazoanza na ST au SU ni jambo lingine kabisa. Hilo ni la serikali au la shirika la umma, na mlinzi wa getini hana ubavu wa kukuuzia hata taa. Linatoka kwa zabuni au mnada, basi. Kenya ni vivyo hivyo kwa magari ya GK. Na gari lililo uwani kwa polisi linaweza kuwa kielelezo cha kesi ambayo haijafungwa, kwa hiyo uliza ofisini kwanza ndipo ulizunguke.

Gari lililoachwa gereji lina mtego wake. Fundi anamdai mwenye gari, mwenye gari kapotea, fundi anakuuzia kufidia deni. Deni halimgeuzi fundi kuwa mwenye mali. Kenya wana sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, yenye utaratibu wa kutoa taarifa kabla ya kuuza. Kwa Tanzania, nenda na fundi huyo kwa mwanasheria kabla hujatoa shilingi.

Kulitambua

Beba futi ya fundi, brashi ya waya ya mkono, tochi, chaki, karatasi na penseli, sumaku ndogo, bisibisi ndefu na simu yenye chaji. Mafuta ya taa kidogo kwenye chupa yatakufaa pia.

Anza kwa kupima urefu kati ya magurudumu: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande uleule. Kama magurudumu hayapo, pima ekseli kwa ekseli. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa na inchi 80, yaani karibu sentimita 203. Modeli za 1954 zilikuja na 86 na 107 (sentimita 218 na 272). Kuanzia 1956 zikaingia 88 na 109 (sentimita 223 na nusu, na 277), na vipimo hivyo viwili vikadumu hadi mwisho. Pima pande zote mbili. Pande zikitofautiana sana huku magurudumu yamenyooka, chasisi imepinda au ekseli imehama, na hilo utalikumbuka wakati wa bei.

Kisha simama ubavuni. Series I, yaani kizazi cha kwanza cha Land Rover, ina ubavu ulionyooka kutoka juu hadi chini, haina bega. Series II iliyotoka 1958 ina bega lililotokeza chini kidogo ya dirisha, linakimbia kutoka madigadi ya mbele hadi nyuma. Ukiliona bega hilo, umeshaivuka 1958.

Sasa uso. Taa zikiwa katikati, karibu na shoo (ule wavu wa mbele wa kupitisha hewa), ni Series I, II au IIA za mwanzo. Taa zilihamia kwenye madigadi mnamo 1968 na 1969. Shoo ya plastiki ni Series III, iliyoanza 1971 na kuishia 1985. Shoo ya nyaya za chuma ni ya kabla yake, na hizo ni adimu kwa sababu moja: wengi wamezipeleka kuchomea nyama. Ukikuta uso umesogezwa mbele hadi ukalingana na madigadi, hiyo huenda ni ile ya V8 iliyoanza 1979, nayo usiiache.

Ingia ndani kama mlango unakubali. Saa za dashibodi, yaani mita za spidi na mafuta, zikiwa katikati ya gari ni ya kabla ya Series III. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III. Na spana yako ikigoma kila nati, usilaumu kutu peke yake: haya ni magari ya spana za inchi, na Series I ina nati za vipimo vya zamani vya Uingereza ambazo hata spana za inchi za kawaida hazizikamati sawasawa.

Dalili zote hizo ni za kukuelekeza tu, hazikupi uhakika. Mafundi wetu hawakuwa wanatunza makumbusho, walikuwa na safari ya kesho asubuhi. Walivalisha shoo ya Series III kwenye IIA, wakatia injini ya Isuzu au Nissan na gari likaenda miaka ishirini zaidi. Kinachosema kweli ni namba ya chasisi.

Kwenye Series II na III namba hiyo imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inapofungwa. Hapo pamejaa matope ya miaka, grisi na tabaka za rangi. Lowesha kwa mafuta ya taa, subiri, sugua taratibu kwa brashi ya waya ya mkono. Grenda isikaribie hapo hata kidogo, maana tarakimu hizo hazina kina na sekunde chache zinatosha kuzifuta. Ukishafika kwenye chuma, paka chaki juu yake na uifute kwa kiganja. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo ya tarakimu. Washa tochi ukiielekeza kutoka pembeni, karibu ilale kwenye chuma, siyo moja kwa moja. Kivuli kitaonyesha namba ambayo jicho halikuiona. Piga picha, kisha weka karatasi juu na usugue kwa ubavu wa penseli. Karatasi hiyo itunze.

Kwa IIA, na kwa III za kabla ya 1980, tarakimu tatu za mwanzo zinasema mengi. Namba za 88 ya petroli ya IIA zinaanza na 24, za 109 ya petroli na 25. Za Series III ni 90 na 91. Tarakimu ya tatu ndiyo tamu: 1 ni gari lililouzwa Uingereza, 2 ni lililosafirishwa nje likiwa na usukani wa kulia, 3 ni lililosafirishwa likiwa vipande vya kwenda kuunganishwa. Kwa hiyo 902 ni Series III fupi ya petroli iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, na 241 ina hadithi ya mtu aliyekuja nayo kutoka Ulaya. Kuna pia kibati kwenye ukuta wa injini, ndani ya kebini. Kilinganishe na chasisi. Vikitofautiana, ujue una magari mawili mbele yako, na muuzaji akueleze lipi analouza.

Ukishakuwa na namba, British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kinachotokana na vitabu vya kiwanda: siku gari lilipotoka, rangi yake ya kwanza, na nchi lilikotumwa. Cheti hicho hakithibitishi umiliki, lakini kinaongeza thamani.

Usisahau alama ndogo. Kibati cha duara dufu chenye EAT, EAK, EAU au EAZ ni cha enzi za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na mara nyingi bado kimeng'ang'ania nyuma karibu na taa. Mlangoni, chini ya rangi ya juu, huwa kuna jina la shamba, idara au misheni. Chukua msasa wa maji namba 1000, sugua eneo dogo kwa maji mengi na uvumilivu, na herufi zitaanza kujitokeza. Ukiziona, acha hapohapo. Usipake rangi juu yake, na mtu akikushauri ung'arishe mlango wote kwanza, mshukuru na uendelee na mambo yako.

Kupima kilichooza

Land Rover ilivishwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kibali Uingereza, na alumini ilikuwapo. Ila chini ya vazi hilo kuna chuma cha kawaida, na ndicho kinachoamua kama gari litapona.

Cha kwanza ni ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, unaobeba bawaba za milango na kioo cha mbele. Kwangu hiki kinatangulia hata chasisi. Unaoza sehemu tatu: pale miguu inapokaa, chini kwenye nguzo za bawaba, na juu kwenye pembe chini ya vile vifuniko viwili vya kuingiza hewa. Inua kila zulia, ondoa kila kipande cha mpira. Sukuma kwa bisibisi kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ikipenya sehemu za miguu, inarekebishika. Vipande vyake hunyooshwa na kuchomelewa na fundi yeyote makini. Ikipenya nguzo za bawaba pande zote na pembe za juu pia, unahitaji ukuta mwingine.

Cha pili ni chasisi. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na kumwaga maganda. Sikiliza hasa kwenye boriti ya nyuma kabisa, kwenye mikono inayobeba ukuta wa injini, na kila mahali springi inapofungwa. Chasisi na kuta mpya za injini bado zinatengenezwa Uingereza, zimechovywa zinki, kwa hiyo kuoza si kifo. Ni gharama, pamoja na meli na ushuru, na gharama hiyo ndiyo utakayoipunguza kwenye bei.

Kisha tafuta unga mweupe. Popote alumini inapogusana na chuma na maji yakafika, alumini ndiyo inayoliwa, inaacha unga mweupe na bati linavimba kuzunguka riveti. Utaukuta chini ya milango, ambayo fremu yake ni chuma na ngozi yake alumini, na kwenye kingo za sanduku la nyuma. Uvimbe mdogo usikutishe.

Sumaku ni ya kujua nani alipita hapa kabla yako. Kwenye ubavu wa Land Rover isinase. Ikinasa, mtu kaweka bati la chuma. Kwenye gari la bodi ya chuma ni kinyume chake: isiponasa, hapo kuna puti, na chini ya puti kuna shimo.

Mwisho, hesabu vidogo: vifuniko vya hewa na vishikio vyake, bawaba, vitasa, reli za vioo vya milango, fremu za viti, duara za taa, kibao cha dashibodi. Ubavu wa alumini fundi atautengeneza. Kishikio cha kifuniko cha hewa utakitafuta mwaka mzima. Piga picha kila kitu kabla hamjakubaliana bei, maana vidogo vina tabia ya kupotea kati ya makubaliano na siku ya lori.

Bei na karatasi

Muuzaji ana bei mbili kichwani: ya skrepa, na ile aliyoiona mtandaoni ya Land Rover iliyotengenezwa ikang'aa huko London. Kazi yako ni kumrudisha kwenye ya kwanza kwa heshima. Mwonyeshe kwa bisibisi palipooza, mtajie ukuta mpya unagharimu nini, kisha ongeza kidogo juu ya kile mwenye mizani angemlipa. Nyongeza hiyo ni ya haki, na inamfanya mzee akupigie wewe siku jirani yake naye akitaka kuuza.

Andikeni mkataba wa mauziano wenye namba ya chasisi, siyo namba ya usajili peke yake, mashahidi wawe pande zote, na mwenyekiti wa kijiji au mtaa atie mhuri. Kadi ya gari ikipatikana, hata iliyoliwa na mchwa, ichukue. Isipopatikana, muuzaji ndiye aripoti polisi upotevu wake na kula kiapo kwa mwanasheria. Wewe huwezi kupoteza kadi ambayo hukuwahi kuwa nayo. Peleka namba TRA, au NTSA kwa Kenya, ujue limeandikwa jina la nani na kama lina deni, kabla hela haijatoka.

Karatasi hizo utazihitaji hata njiani. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nyaya na nguzo za umeme kuhujumiwa, na ingawa zuio liliondolewa Mei mwaka huohuo, lori lenye vipande vya gari bado linasimamishwa. Huku kwetu pia askari akiona bodi imelala juu ya fuso atauliza, na ana haki.

Siku ya kulitoa

Nenda asubuhi, vaa buti na glavu ngumu. Chini ya viti na ndani ya sanduku la chasisi kuna nyoka, na mzinga wa nyuki ndani ya mlango ni jambo la kawaida. Nyuki mwachie mrina asali, tena jioni ya kabla yake. Moshi karibu na tanki la petroli si wazo zuri, na tanki la Land Rover fupi liko chini ya kiti cha kulia, halafu likiwa tupu ndilo hatari zaidi kwa sababu limejaa mvuke. Litoe kabla ya kazi yoyote ya cheche.

Mti ulioota katikati ya chasisi ukatwe juu na chini, na kipande cha kati kibaki. Kitatolewa nyumbani. Nimeona watu wakivuta gari kwa trekta ili "ling'oke na mti wake", likang'oka bila ukuta wa injini. Fukua udongo kuzunguka chasisi kwa mkono mpaka uone mwanga upande wa pili.

Nyanyua kwa kushika ekseli, siyo bodi wala bampa. Weka mbao nene chini ya jeki, panda kidogo kidogo, jaza mawe au magogo kila hatua. Milango iwe imefungwa na kukazwa kwa waya. Gari lisilo na chasisi, kama Peugeot, lichomelewe kwanza vyuma vya pembe kwenye matundu ya milango, la sivyo likinyanyuliwa litakunjika katikati na milango haitafunga tena maisha yake yote.

Breki zikiwa zimeng'ang'ana, legeza marekebisho ya nyuma ya ngoma, gonga ngoma pembeni kwa nyundo, lipumzishe, rudia. Ikifunguka, vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kompresa: laini za breki za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe. Rangi za zamani nazo huwa na risasi, kwa hiyo msasa wowote uwe wa maji na mdomo ufunikwe.

Kila kinachofunguliwa kiingie kwenye mfuko wake, na mfuko uandikwe. Nati rudisha kwenye tundu lake.

Wiki za kwanza nyumbani

Hapa watu wengi hukimbilia rangi. Acha. Gari linataka kukauka.

Mwaga maji kwa bomba ndani ya chasisi kupitia kila tundu mpaka yatoke safi, fungua matundu ya chini yaliyozibwa, acha jua lifanye kazi siku kadhaa. Kisha nyunyiza oili mpya ya bei ndogo iliyochanganywa na grisi ndani ya masanduku ya chasisi. Oili chafu ndiyo mafundi wengi wanayoipenda, kwa kuwa ni ya bure. Ina asidi na uchafu wa injini, na si salama kwa ngozi yako. Kwa bei ya lita chache sioni sababu.

Lihifadhi chini ya paa lililo wazi pembeni, juu ya mawe. Usilifunge kwa turubai la nailoni likagusa bodi: jasho la usiku linabaki ndani, na gari lililovumilia miaka thelathini nje linaweza kuoza masika moja tu kwa kufunikwa vizuri.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, viloweke kwenye molasi. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, wiki moja hadi tatu ukikagua. Molasi inapatikana kwa wafugaji, na karibu na viwanda vya sukari kama TPC Moshi, Kilombero na Mtibwa. Inanuka na kuita nzi, lakini inakula kutu bila kugusa chuma kizima. Ukitoa, suuza, kausha juani, paka praima siku hiyohiyo. Alumini na vitu vya zinki visiingie humo, vitaharibika.

Kunyoosha alumini

Fundi bodi aliyezoea Corolla atakuharibia ubavu wa Land Rover kwa nusu saa. Alumini iliyogongwa inakuwa ngumu, ukiendelea kugonga inapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, na tatizo ni kwamba haibadiliki rangi ikipata moto: inakaa vilevile, halafu ghafla kuna shimo.

Wazee wa kazi wana dawa, nayo ni sabuni ya mche. Paka sabuni kavu juu ya eneo lililobonyea. Washa gesi, moto laini, uutembeze bila kusimama. Sabuni itaanza kuwa ya kahawia, kisha nyeusi. Ikigeuka nyeusi, toa moto mara moja na uache bati lipoe. Sasa ni laini. Gonga kwa nyundo ya mbao, chini ukiwa umeweka mfuko wa mchanga, kuanzia pembeni ya kibonyeo ukielekea katikati. Ukisikia linaanza kukataa, sabuni tena, moto tena. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Nyufa zinachomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni na mtu anayejua alumini. Waliopo ni wachache, lakini mijini hawakosekani, uliza kwa watengeneza tangi na boti. Unaporudisha alumini juu ya chuma, paka praima pande zote mbili na weka silanti katikati, ili chuma na alumini visigusane tena. Praima iwe ile ya alumini. Ya kawaida itabanduka.

Peugeot na Volkswagen

Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, miwili ya katikati ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Kila 404 unayouziwa sasa "ilikuwa ya mashindano". Achana na hadithi, tazama sakafu, vizingiti vya milango na pale springi za mbele zinapobebwa. Haina chasisi ya kutenganisha, kwa hiyo vikioza hivyo vitatu kwa pamoja, chukua milango, vioo, taa na vipambo, ushukuru. 504 ni vivyo hivyo, ila vipuri vyake bado vipo kwa wingi kwa sababu Kenya iliziunganisha miaka mingi na zilibeba abiria wa safari ndefu.

Volkswagen ya mgongo wa mviringo ina faida: bodi inafunguliwa kwa bolti kutoka kwenye sakafu. Namba imegongwa kwenye mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Hapohapo tazama upande wa kulia, betri ilipokaa, utakuta shimo. Kioo cha nyuma kinataja umri: vipande viwili ni kabla ya Machi 1953, yai ni hadi katikati ya 1957, kikubwa ni baada ya hapo. Chenye vipande viwili usibishane bei.

Ikishindikana

Mwenyewe akikataa kuuza, au watoto wa Dar wakishindwa kukubaliana, omba ruhusa ya kulipandisha juu ya mawe na kufunika ukuta wa injini kwa kipande cha bati. Wachache watakukatalia. Acha namba yako ya simu kwa mzee, na pia kwa kijana wa nyumba hiyo, kwa kuwa mnunuzi wa skrepa huja wakati mzee yuko shambani.

Likishafika kwenye mizani, nenda kwa mwenye mizani na uliza kilo. Yeye hauzi Land Rover, anauza uzito, na ukimlipa zaidi kidogo ya kiwanda atakuwekea pembeni milango, shoo na vifuniko vya hewa, na kukupigia simu safari nyingine. Kibati na kipande cha chasisi chenye namba usivinunue ili uvihamishie kwenye gari lingine. Hilo ni kosa la jinai, na mtu yeyote mwenye tochi na chaki ataligundua.